Mtoto wa Herufi Tatu

Kuna mvulana ambaye nimemsoma mara nyingi kuliko wahusika wengi wa riwaya, na sijui jina lake. Katika rekodi za Mahakama Kuu ya Homa Bay, mwaka 2017, anaitwa POO. Herufi tatu, kisha maelezo kwamba ni mtoto. Upande wa pili kuna Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma. Ukiifungua hukumu hiyo kwa simu, kwenye tovuti ya Kenya Law, inasomeka kama hadithi fupi. Kuna mvulana, kuna msichana, wote hawajafika miaka 18. Kuna kilichotokea kati yao. Halafu kuna polisi, na mvulana peke yake anashtakiwa kwa unajisi. Akaenda Mahakama Kuu na swali ambalo mtu yeyote aliyesoma shule ya mseto angeuliza: kwani nilikuwa peke yangu?

Mahakama ilimsikia. Ilisema kwamba ikiwa wote wawili ni watoto, basi wote wawili wanahitaji ulinzi uleule, na kumkamata mvulana tu huku msichana akichukuliwa kuwa ndiye mtoto pekee katika kisa hicho ni ubaguzi wa kijinsia. Wanasheria wanainukuu hukumu hii mpaka leo. Sisi wasomaji wa hadithi hatuigusi. Nafikiri tunakosea, kwa sababu hukumu nayo ni utanzu. Ina wahusika, ina msimulizi anayejua mengi, ina mahali pa kuanzia na pa kuishia, na msimulizi huyo akikosea kumwelewa mhusika, mhusika analala seli.

Kwa hivyo wacha niisome kama ninavyosoma kitabu, pamoja na sheria zinazoizunguka. Swali langu ni lile ambalo watu hulijibu haraka kwenye mitandao kila kijana anapokamatwa na panga: mtoto aliyefanya kosa la mtu mzima, ashtakiwe kama mtu mzima?

Nianze na kile hukumu ya Homa Bay inachofanya vizuri. Inamrudisha mvulana kwenye kundi la watoto. Linaonekana jambo dogo, lakini angalia tunavyoongea. Msichana wa miaka 16 akipata mimba tunasema "mtoto wa watu ameharibiwa". Mvulana wa miaka 16 aliyempa mimba tunamwita "huyo jamaa". Wamekaa dawati moja, wamefanya mtihani mmoja, lakini kwa sentensi moja yeye amezeeka miaka kumi. Mahakama ilikataa sentensi hiyo.

Na si kisa cha nadra. Utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa 2022 ulionyesha kwamba asilimia 15 ya wasichana wa Kenya wenye miaka 15 hadi 19 walikuwa wameshawahi kupata mimba. Homa Bay na Migori zote mbili zilikuwa kwenye asilimia 23. Nyuma ya namba hiyo wamo wanaume wazima wenye mashua, pikipiki na mishahara, na hao ndio Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006, ile iliyotokana na mswada wa Njoki Ndung'u, iliwalenga. Akipatikana na hatia ya kumnajisi mtoto wa miaka 16 au 17, mtu mzima hafungwi chini ya miaka 15. Mtoto akiwa na miaka 12 hadi 15, si chini ya 20. Akiwa na 11 kurudi chini, ni maisha. Mahakama ya Juu ilithibitisha Julai 2024 kwamba viwango hivyo vya chini vinabaki. Sina ugomvi na hilo. Nimekulia Homa Bay, najua wanaume waliohitaji kuiogopa sheria hiyo na hawakuiogopa mapema.

Lakini nyuma ya namba hiyohiyo wamo pia wavulana wa kidato cha pili. Sheria yenyewe inawakumbuka kidogo. Inasema mshtakiwa akiwa chini ya miaka 18, adhabu yake inaweza kufuata Sheria ya Watoto na ile ya taasisi za borstal. Yaani mtoto anakumbukwa mwishoni, wakati wa adhabu. Mwanzoni, siku ya kukamatwa, siku ya kusomewa shtaka, anasomewa shtaka lilelile kwa maneno yaleyale kama mzee wa miaka hamsini. Na hapo hukumu ya Homa Bay nayo ina pengo. Msichana hakuwa upande wowote katika ombi lile. Mvulana yuko upande mmoja, serikali upande mwingine, naye yuko katikati, anazungumziwa. Hukumu inayosema kwamba watoto ni wawili imepangwa kwa mtoto mmoja. Silaumu jaji, ndivyo ombi la kikatiba lilivyo. Nasema tu kwamba tukiisoma kama hadithi, tungemrudishia mwandishi mswada na kumuuliza: huyu msichana anasemaje?

Sasa tuende kwenye sheria iliyotawala kesi za watoto Kenya kwa miongo miwili, Sheria ya Watoto ya 2001. Mwanasheria mwenzangu wa zamani wa hosteli ndiye aliyenionyesha kifungu cha 189, na tangu siku hiyo naiheshimu sheria hiyo kama kazi ya mtu anayejua uzito wa maneno. Kifungu kinakataza maneno. Kinasema kwamba mtoto anapokuwa mbele ya Korti ya Watoto, neno la kutiwa hatiani lisitumike kwake, wala neno la kuhukumiwa adhabu. Anaweza kuonekana amefanya kosa, na korti inaweza kutoa amri. Lakini yale maneno mawili, hapana.

Unaweza kucheka, eti kubadilisha jina kunabadilisha nini. Lakini mtu aliyekulia kijijini hacheki. Jina likishakushika halitoki. Nilisoma na mvulana aliyeiba betri ya redio tukiwa darasa la sita, na leo ana watoto watatu, na bado kuna wazee wanaomwita Betri. Waliotunga kifungu cha 189 walilijua hilo. Kifungu kinachofuata kikaongeza kwamba mtoto asipelekwe jela, na asihukumiwe kifo.

Halafu, sheria hiyohiyo ikaacha milango miwili wazi. Korti ya Watoto iliweza kusikiza shtaka lolote dhidi ya mtoto isipokuwa mauaji, na isipokuwa kesi ambapo mtoto ameshtakiwa pamoja na mtu mzima. Hapa ndipo swali letu linapokaa. Marekani, mtu husimama kortini na kusema wazi kwamba mtoto huyu ahamishiwe korti ya watu wazima, na watu wakabishana. Kwetu mara nyingi hakuna anayesimama. Mtoto anaingia korti ya wakubwa kimyakimya, kwa sababu ya kosa aliloshukiwa nalo au kwa sababu ya kampani aliyokuwa nayo usiku huo.

Na kwa wale wa mlango wa mauaji, kulikuwa na sentensi moja ambayo mimi ningeiweka katika mkusanyiko wa sentensi katili zaidi zilizowahi kuandikwa kwa upole. Kifungu cha 25 cha Kanuni ya Adhabu kilisema kwamba aliyeua akiwa chini ya miaka 18 asihukumiwe kunyongwa. Vizuri. Badala yake azuiliwe kwa muda atakaopenda Rais. Hakuna miaka, hakuna tarehe. Mtu mzima aliyefungwa miaka kumi angeweza kukwaruza ukuta kila siku na kuhesabu. Mtoto hakuwa na cha kuhesabu. Mwaka huohuo wa 2017, watu saba waliotiwa hatiani kwa mauaji yaliyotokea wakiwa watoto walienda Mahakama Kuu Nairobi, na jaji akatangaza kwamba utaratibu huo unakwenda kinyume na Katiba. Ukitafuta kesi hiyo, mwombaji wa kwanza anaitwa AOO. Herufi tatu tena.

Kisha kuna umri wenyewe. Mpaka 2022, mtoto wa Kenya aliweza kuwajibika kwa jinai akiwa na miaka minane. Minane. Meno ya mbele hayajakamilika kuota. Sheria mpya ya Watoto ya 2022 ilipandisha umri huo mpaka 12, na ikasema kwamba aliye chini ya miaka 14 achukuliwe kuwa hajui kutofautisha jema na baya, mpaka korti iridhishwe kwa ushahidi kwamba anajua. Pia ilitilia mkazo njia za kumtoa mtoto kwenye mkondo wa korti kabisa, kwa maonyo, kuomba radhi, kulipa fidia, kushauriwa.

Nimetaja meno kwa sababu. Enzi za mababu zetu Waluo, kijana aling'olewa meno sita ya chini, na baada ya hapo jamii ilijua anaelekea ukubwani. Katikati ya mtoto na mtu mzima kuna neno, rawera, na rawera hakuwa mtoto wala mzee. Kwa Wakuria wa Migori, mvulana akitoka jandoni anaanza kuitwa mwanaume, hata kama Jumatatu atarudi gredi ya saba na begi mgongoni. Leo, kijana asiye na cheti cha kuzaliwa akikamatwa Kehancha au Ndhiwa, anaweza kupelekwa hospitali ili daktari amfungue mdomo aangalie meno na kukadiria umri. Yaani tumerudi kwenye meno, ila safari hii hakuna mjomba wa kukushika bega. Na jibu la daktari likiwa "kati ya 17 na 19", kalamu ya mtu fulani ndiyo itakayoamua wewe ni nani.

Nikifika hapa kwenye mabishano ya aina hii, kila mtu anajua upande wangu. Tatizo ni shangazi yangu.

Anaishi karibu na Rongo, kaunti ya Migori. Sote tunamwita Waya, kama inavyostahili kwa dada ya baba. Alikuwa na duka la unga, sukari na M-Pesa. Usiku mmoja wa saa mbili, akifunga, walikuja watatu. Wawili watu wazima, mmoja mvulana wa miaka 16 wa boma la tatu kutoka kwake. Walichukua pesa na simu, na Waya akavunjwa mkono mahali pawili. Walikamatwa ndani ya wiki moja na kushtakiwa pamoja, wizi wa mabavu, katika korti moja ya kaunti hiyo. Mlango wa pili, ule wa kampani.

Nilimtembelea Krismasi iliyofuata, na mdomo wangu mrefu wa Nairobi, nikaanza kumweleza habari za Katiba, kwamba kifungu cha 53 kinasema mtoto azuiliwe tu pale njia nyingine zimeshindikana, na kwa muda mfupi iwezekanavyo, mbali na watu wazima. Nikamweleza habari za POO. Alikuwa akimenya viazi kwa mkono mmoja, ule mwingine hauna nguvu tena. Akaniacha nimalize.

"Nyathina," akasema, "mkono wangu haukuvunjwa na herufi tatu."

Nikanyamaza.

"Walionishika ni wale wakubwa. Aliyepiga ni yule mtoto. Sasa hapo kitabu chako kinasemaje, Nyathina?"

Sikuwa na jibu, na ninaandika makala haya kwa sababu sikuwa na jibu. Maana ni rahisi sana kuwatetea watoto ambao hawakufanya kitu. Mwaka 2019 sote tulitazama When They See Us kwenye Netflix na kulia. Wavulana watano wa New York, wenye miaka kati ya 14 na 16 mwaka 1989, walifungwa kwa ubakaji ambao hawakuufanya. Mmoja wao, kwa kuwa alikuwa na 16, alikwenda kwenye magereza ya watu wazima. Hukumu zao zilifutwa 2002. Tuliandika maneno makali mtandaoni. Wiki iliyofuata kijana wa Kayole akapigwa risasi, na haohao tuliolia tukaandika "afadhali, wamezidi". Filamu ile ilitusaidia kumhurumia mtoto aliyesingiziwa. Haikutuandaa kwa mtoto aliyefanya kweli.

Kwa hao, kesi ya kusoma ni ile ya Uingereza ya 1993. Wavulana wawili wa miaka kumi walimchukua mtoto wa miaka miwili karibu na Liverpool na kumuua. Walifanya. Hakuna aliyesingiziwa. Walishtakiwa mbele ya umma katika korti ya watu wazima, mji wa Preston, wakiwa na miaka 11. Wakaonekana ni wafupi mno, kizimba kinawafunika. Basi sakafu ya kizimba ikainuliwa ili waweze kuona mbele. Kesi ikaendelea kwa lugha ya mawakili na wanahabari wamejaa. Mwisho majina yao yakatangazwa. Mwaka 1999 Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu ilisema wavulana wale hawakupata kesi ya haki, kwa sababu hawakuweza kushiriki katika kesi yao wenyewe. Waliinuliwa mpaka macho yakafika mahali pa macho, lakini kilichokuwa kikisemwa kilibaki juu ya vichwa vyao.

Sisi pia tuna kesi ya aina hiyo. Septemba 2017 bweni la Moi Girls Nairobi liliungua na wasichana wakafa. Mwanafunzi wa miaka 14 alishtakiwa kwa mauaji, na kwa kuwa ni mauaji, akaenda Mahakama Kuu. Adhabu ilitolewa 2022: miaka mitano, kwa kosa la kuua bila kukusudia. Hesabu mwenyewe. Kutoka moto hadi adhabu, ujana wake wote wa sekondari ulipita. Nao wazazi waliozika mabinti wao walikaa muda huohuo wakingoja mtu awaambie kilichotokea. Sioni nani alifaidika na urefu huo.

Na hilo ndilo linalonirudisha Rongo, kwa sababu kesi ya Waya nayo ilichukua karibu miaka mitatu. Leo shahidi hayupo. Kesho faili haionekani. Hakimu akahamishwa, wakaanza upya. Wakili wa mmoja wa wale wakubwa akaomba siku nyingine, na kwa kuwa wako kwenye shtaka moja, wote wakaomba siku nyingine. Mtoto akafungwa kamba na kesi ya watu wazima na kukokotwa kwa mwendo wao. Alipopatikana na hatia alikuwa na miaka 19. Kwa kosa la utotoni, jela haikumfaa. Borstal nayo, ambayo ni ya walio kati ya 15 na 17, na ambayo kwetu ya karibu ni ile ya Shikusa kule Kakamega, hakuweza kupelekwa tena. Akapewa probesheni ya miaka mitatu. Majaji wetu wamejikuta mahali hapo mara kadhaa: mbele yao amesimama mtu mzima aliyetenda kosa akiwa mtoto, na hakuna nyumba ya kumpeleka.

Jamaa wanaosema "ashtakiwe kama mtu mzima" nadhani wanataka vitu vitatu. Wanataka kosa lichukuliwe kwa uzito. Wanataka mhasiriwa asikilizwe. Na wanataka kijana ajibu mwenyewe, asijifiche nyuma ya umri wake. Yote matatu ni madai ya haki, na wanaharakati wa upande wangu mara nyingi wanayapita haraka. Hata lugha yetu inasaidia kuyapita. Tunasema "mtoto anayekinzana na sheria". Nani alimkinza Waya? Sheria haina mkono wa kuvunjika. Msemo huo ulitungwa kwa nia njema, ili kuepuka kumwita mtoto mhalifu, lakini umemfuta mtu wa pili kwenye hadithi, kama vile ombi la Homa Bay lilivyomwacha msichana nje. Ukimtaka msomaji amwamini mhusika wako, usimfiche aliyeumizwa naye.

Lakini angalia kama korti ya watu wazima iliwapa hata kimoja kati ya hivyo vitatu. Uzito? Miaka mitatu ya kuahirisha, kisha probesheni ambayo hakuna aliyemweleza Waya maana yake. Kusikilizwa? Aliitwa kizimbani mara moja, akaulizwa kuhusu taa ya dukani ilikuwa inang'aa kiasi gani. Kujibu? Hapo wacha nimwachie mwenyewe aseme.

Baada ya kesi kuisha nilikwenda tena Rongo. Safari hii sikubeba Katiba. Nilimuuliza tu siku ile ya ushahidi ilikuwaje.

"Nilimtafuta," akasema. "Nimeambiwa nimwonyeshe kwa kidole, na mimi namtafuta yule mtoto. Kumbe ni yule mrefu, amefuga ndevu. Nilipigwa na mtoto, nikaonyeshwa mwanaume. Nilitaka kusema siye."

"Ulisema siye?"

"Ningesemaje uongo? Niliona sikio lake. Ana sikio la baba yake."

Akaniambia walikuwa wamesimamishwa watatu pamoja, yeye katikati. Kila alipoulizwa kitu, kabla ya kujibu, aligeuka kidogo kumwangalia yule mkubwa wao. Mara ya kwanza Waya alidhani ni dharau. Mara ya tatu akaelewa. Mkalimani alimtafsiria swali kwa Dholuo, kijana akaangalia kulia, kisha akajibu kwamba hajui. Miaka mitatu imepita, ana ndevu, na bado anangoja ruhusa ya mtu aliyempeleka kwenye duka lile.

"Hata usiku ule alimwangalia hivyohivyo," Waya akasema. "Kabla hajanipiga."

Nimefikiria sana sentensi hiyo. Haimtoi kijana lawamani. Alipiga, na mkono wa Waya hauinui debe mpaka leo. Lakini inaeleza kwa nini kumweka kizimba kimoja na wakubwa wake ni makosa hata kama huruma huna. Ukitaka kijana ajibu, lazima umtoe kwenye kivuli cha aliyemwamuru. Korti ya Watoto, kwa chumba chake kidogo, bila umati, na lugha anayoielewa, si mahali pa kumbembeleza. Kwa mtoto aliyezoea kujificha nyuma ya kundi, hapo ndipo pagumu zaidi, kwa kuwa hapo yuko yeye, afisa wa watoto, mzazi wake, na mtu aliyemuumiza, na hakuna wa kumwangalia kabla ya kujibu.

Kwa hiyo jibu langu kwa swali ni hapana, asishtakiwe kama mtu mzima, na asishtakiwe pamoja na mtu mzima pia. Hili la pili ndilo tunalolisahau. Kesi zitenganishwe siku ya kwanza. Umri uthibitishwe kabla ya shtaka kusomwa, si baada ya miaka miwili wakili anapokumbuka. Kesi ya mtoto iende mbio kuliko zote, kwa sababu utoto ndio kitu pekee katika faili lile kinachoisha chenyewe. Na aliyeumizwa apewe kiti na nafasi ya kuuliza, si ya kujibu tu. Kwa wale wawili wa Homa Bay, ambao kosa lao lilikuwa ni kuwa na miaka yao na kuwa pamoja, sioni kwa nini hata chumba cha korti kilihitajika. Palihitajika wazazi wanne, mwalimu mmoja, nesi, na mtu wa kuwaambia wote wawili ukweli.

Mwisho nilimuuliza Waya kama sasa anakubaliana nami. Alinitazama kama mtu anayeangalia chenji isiyotosha.

"Mimi na wewe hatujakubaliana," akasema. "Wewe unataka aonewe huruma. Mimi nilitaka aulizwe peke yake."

Kisha akanituma dukani nikachukue unga. Siku hizi duka ni la jirani. Njiani nilipishana na kijana mrefu mwenye ndevu, anasukuma baiskeli yenye mitungi ya maji. Alinisalimia, nikamwitikia. Sikumwangalia sikio.